Mabati 24: Nyumba Mbovu, Mkopo na Karatasi katika Mbarara na Nakivale

Anayenunua nyumba mbovu hununua nyumba mbili kwa pamoja. Moja ipo mbele yake: ukuta una ufa, bati linavuja, mlango umeliwa na mchwa. Ya pili bado haipo. Ni ile atakayoipata fundi akishamaliza kazi. Watu wengi hawana fedha za kununulia na za kutengenezea kwa wakati mmoja, kwa hiyo historia ya nyumba mbovu ni historia ya mikopo pia. Chini ya kila mkopo wa aina hii kuna swali lilelile: nani yuko tayari kutoa fedha leo kwa ajili ya nyumba iliyo kichwani mwa mnunuzi tu?

Ninalifuatilia swali hilo katika eneo ninalolijua, yaani mji wa Mbarara na Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Nakivale kwa lugha ya serikali ni makazi ya wakimbizi. Sisi tunaoishi humo tunasema kambi, na ndivyo nitakavyosema hapa. Hoja yangu ni kwamba katika eneo hili, kwa zaidi ya miaka 60, jambo lililoamua kama nyumba mbovu itatengenezwa halikuwa ustadi wa mafundi wala hata wingi wa fedha. Lilikuwa karatasi: nani ana haki ya kuiuza nyumba baada ya kuitengeneza.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu mfano ulio wazi zaidi wa mkopo huu nimeupata kwa mtu aliyetoka kijijini kwetu. Mama mmoja aliyekuwa jirani yetu hapa Misiera, ndani ya Nakivale, alihamishiwa Marekani pamoja na watoto wake. Sasa yuko Ohio, na miaka michache baada ya kufika alinunua nyumba kuukuu ambayo paa lake lilikuwa limeoza na mabomba yake yalikuwa yamepasuka kwa baridi. Benki ilimpa mkopo mmoja wenye sehemu mbili: bei ya nyumba na gharama ya matengenezo. Fedha za matengenezo hakupewa mkononi. Ziliwekwa kando, na kila hatua ya kazi ilipokamilika mkaguzi alikuja kutazama, kisha fundi akalipwa. Alipotusimulia kwa simu, kilichomshangaza mama yangu hakikuwa riba. Alishangaa kwamba mthamini aliandika bei ya nyumba kama itakavyokuwa baada ya kutengenezwa. "Walipima nyumba ambayo haipo?" aliuliza. Ndiyo, walipima nyumba ambayo haipo.

Utaratibu huo una historia yake. Mwaka 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Marekani ilipitisha Sheria ya Taifa ya Nyumba. Tangu hapo serikali ikaanza kudhamini mikopo ya nyumba, ikiwemo ya matengenezo, ili benki zisiogope kukopesha. Mkopo unaounganisha ununuzi na ukarabati, ambao wenyeji huuita kwa namba ya kifungu chake, 203(k), ulipata sura yake ya sasa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1978. Lakini tusidhani kwamba ulikuwa mlango wazi kwa wote. Kwa miongo kadhaa wadhamini haohao wa serikali walikataa mitaa ya watu weusi, wakidai kwamba nyumba za huko zitashuka thamani. Ubaguzi huo ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1968. Hata huko, basi, nyumba isiyokuwepo ilithaminiwa kwa kuangalia kwanza ni nani atakayeimiliki. Tukirudi Uganda tutakuta swali hilohilo.

Chini ya ukoloni Mwafrika wa Uganda alipata taabu kukopa benki, na sababu iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa dhamana. Ardhi ya wengi ilishikwa kwa mila, bila hati ambayo benki ingeweza kuichukua. Mwaka 1950 ikaanzishwa Uganda Credit and Savings Bank kwa lengo la kuwakopesha Waafrika. Mwaka 1965 ikageuzwa kuwa Uganda Commercial Bank. Mwaka 1967 ikaundwa Housing Finance Company of Uganda, ambayo kazi yake hasa ilikuwa mikopo ya nyumba, na ambayo mwaka 2008 ikawa benki kamili. Taasisi zilikuwepo, lakini zilimhudumia mwenye mshahara wa kudumu na hati ya kiwanja, tena hasa mjini. Mkulima wa Ankole mwenye nyumba ya udongo na shamba la ndizi hakuwa mteja waliyemfikiria.

Mjini Mbarara palikuwa na nyumba nyingi ambazo zingefaa mikopo ya ukarabati: maduka ya Wahindi yenye vyumba vya kuishi nyuma au juu, yaliyojengwa kwa matofali na saruji kandokando ya barabara kuu. Kisha, Agosti 1972, Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90. Nyumba zao, Mbarara kama kwingineko, zikabaki bila wenyewe. Zikagawiwa askari, watumishi na wafanyabiashara, na mwaka uliofuata zikawekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali za Waasia walioondoka. Hapa ndipo karatasi inapoanza kuonekana waziwazi. Aliyepewa nyumba aliishi ndani yake na aliuza dukani mwake, lakini hakuwa mwenyewe. Alikuwa mpangaji wa bodi, na bodi ingeweza kumwondoa. Ni nani angekopa ili abadilishe paa la nyumba ya namna hiyo? Na ni benki ipi ingekubali? Tukitazama picha za miji ya Uganda za miaka ile, wengi wetu tunasema nyumba zilichakaa kwa sababu wapangaji wapya hawakujua kuzitunza. Maelezo hayo hayanitoshi. Mtu mwenye akili timamu haweki fedha zake katika ukuta anaoweza kunyang'anywa kesho.

Halafu vita vikaja. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na Tanzania ikajibu. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliteka Masaka na Mbarara, na baada ya kuiteka miji hiyo likabomoa majengo mengi kwa baruti, kulipiza yaliyotendwa Kagera. Kwa hiyo Mbarara iliingia miaka ya 1980 ikiwa mji wa kuta zilizosimama bila paa. Nyumba moja ingeweza kuwa na watu watatu: mwenyewe wa zamani aliyekuwa Uingereza au Kanada, mpangaji wa bodi, na yule aliyehamia kwenye gofu baada ya vita na kuweka turubai juu yake. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuwarudishia Waasia mali zao, ingawa kazi hiyo ilishika kasi miaka ya 1990. Ninaona kwamba tarehe hizi zinaeleza sura ya katikati ya Mbarara kuliko vita peke yake. Vita vilibomoa kwa siku chache. Kilichochukua miaka ni kujua nani atatia saini mkataba wa kujenga upya.

Mfano wa upande wa pili ni nyumba za serikali. Katika miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilianza kuwauzia watumishi nyumba walizokuwa wakiishi kama wapangaji. Nyingi zilikuwa zimechoka: rangi imebambuka, vyoo havifanyi kazi. Kwa maghorofa, ambako watu wengi wanagawana paa moja, ilihitajika sheria mpya ya mwaka 2001 ili kila mmoja awe na hati ya sehemu yake. Mpangaji wa jana akawa mwenye nyumba. Fundi ni yuleyule na mshahara ni uleule. Kilichobadilika ni karatasi.

Sasa nije Nakivale. Kambi hii ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, na ilitambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa kambi kongwe kabisa barani Afrika. Wakati huo ilikuwa chini ya Mbarara. Wilaya ya Isingiro ilikatwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Tangu mwanzo serikali ya Uganda ilifanya jambo ambalo nchi nyingi hazikulifanya: iliwapa wakimbizi kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Wageni wanaotembelea Nakivale husifu jambo hilo, na wana haki kusifu. Lakini kupewa kutumia si kupewa kumiliki. Kanuni za wakimbizi za mwaka 2010, zilizofuata Sheria ya Wakimbizi ya 2006, zinasema kwamba mkimbizi anaweza kuitumia ardhi aliyopewa bila malipo, lakini hana haki ya kuiuza, kuikodisha wala kuihamisha kwa mtu mwingine. Katiba ya 1995 inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda. Asiye raia anaweza kupata ardhi kwa kukodi kwa muda, usiozidi miaka 99, lakini si kiwanja cha kambini.

Historia ya kambi imewafundisha watu kwamba nyumba si kitu cha kutegemea. Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda, wakimbizi na hata raia, walifukuzwa makwao. Nyumba zao zilichomwa au kuchukuliwa na majirani, ng'ombe zao zikaporwa. Wengine walikimbilia mpakani, wengine walisukumwa ndani ya Nakivale na kambi jirani ya Oruchinga. Mwaka 1994, baada ya vita na mauaji ya kimbari nchini Rwanda, wengi wa wakimbizi wale wa zamani walirudi kwao na kuacha nyumba walizoishi kwa zaidi ya miaka 30. Katika mashamba yaleyale wakaja Wanyarwanda wengine waliokuwa wakikimbia upande wa pili, kisha Wakongo, Wasomali, Warundi na Waethiopia. Kwa hiyo nyumba mbovu zilizoachwa na walioondoka zimekuwepo Nakivale kwa muda mrefu, na watu wa kuzitengeneza pia. Ambacho hakijawahi kuwepo ni hati.

Je, watu hawauziani? Wanauziana. Ninayo karatasi moja nyumbani ambayo nimeitumia kama chanzo cha insha hii, na ningependa wenzangu waisome kama tunavyosoma hati za kale. Ni ukurasa mmoja wa daftari la hesabu, umeandikwa kwa Kiswahili chetu cha Kongo, wenye saini za mashahidi wanne na dole gumba la mmoja. Ni ya mwaka ambao jirani yetu yule wa Ohio alipata safari. Inasema kwamba amempa mama yangu "mabati 24, milango 2, madirisha 3 na miti ya nyumba" kwa shilingi 850,000, na kwamba amelipwa 500,000 na zilizobaki atalipwa kabla ya basi kuondoka. Nyumba haikutajwa kama nyumba. Kiwanja hakikutajwa kabisa. Kijijini kwetu mtu akitaka kuondoka husema, "Nauza mabati," na kila mtu anaelewa.

Kwa mtazamo wa kwanza hiyo ni hila ya kukwepa sheria, na sitabisha kwamba kiwanja kilibadilisha mikono bila ruhusa ya ofisi. Lakini karatasi hii inaeleza kwa usahihi mkubwa kile ambacho watu hawa wawili walikuwa nacho kweli. Ardhi ni ya serikali. Ukuta ni udongo wa ardhi hiyo, umekandikwa juu ya miti. Vinavyoweza kuezuliwa, kung'olewa na kupakiwa kwenye lori ni mali yao. Waandishi wake hawakuwa wanasheria, ila walitenganisha ardhi na kilicho juu yake vizuri kuliko nilivyoweza mimi katika mtihani wa mwaka wa kwanza.

Fedha za ununuzi zilitoka wapi? Sehemu ilitoka kwenye likelemba, ambayo Watanzania huiita upatu na majirani zetu Wasomali huiita hagbad: kila mwanachama anatoa kiasi, na zamu kwa zamu mmoja anachukua zote. Sehemu nyingine ilikuwa mkopo wa kikundi kutoka kwa mkopeshaji mdogo. Kwenye fomu iliandikwa kwamba ni mtaji wa kuuza mihogo na samaki. Mihogo iliuzwa kweli, lakini nusu ya mtaji ilipanda juu ya paa. Hakuna mtu kijijini aliyeona ajabu, kwa sababu fomu haikuwa na mstari wa nyumba. Dhamana ilikuwa wanawake wengine 4: mmoja akishindwa kulipa, wanne wanalipa. Huyo ndiye mthamini wetu. Hapimi ukuta, anapima kama mama yangu ni mtu wa kulipa.

Kwa haki niseme kwamba mambo yamekuwa yakibadilika. Kuanzia mwaka 2012 shirika la Habitat for Humanity, kwa ufadhili wa Mastercard Foundation, lilishirikiana na Centenary Bank hapa Uganda, na KWFT nchini Kenya, kutengeneza mikopo midogo ya nyumba: fedha za paa, kisha za sakafu, kisha za choo, kila moja ikilipwa kwa muda mfupi. Waliobuni mpango huo walielewa kwamba maskini hajengi nyumba kwa mara moja; anajenga chumba baada ya chumba kwa miaka. Machi 2020 taasisi ya UGAFODE ilifungua tawi ndani ya Nakivale, jambo ambalo wakati mama yangu anaandikiana karatasi yake lingeonekana kama ndoto. Na sheria ya mwaka 2019 imerahisisha kuweka dhamana vitu vinavyohamishika, kama pikipiki au mashine. Ukiisoma sheria hiyo ukiwa Misiera, unajiuliza kama mabati 24 yaliyopigiliwa misumari ni kitu kinachohamishika au la. Nimewauliza wenzangu wanaosoma sheria, wakacheka kwanza, halafu wakabishana mpaka jioni.

Rafiki yangu mmoja darasani, mwenyeji wa Isingiro, ana jibu ambalo sikuweza kulipuuza. Nilipomweleza hoja yangu alisema: "Mkipewa hati, sisi tutakwenda wapi?" Familia yake inalima karibu na mpaka wa kambi, na mpaka huo umegombaniwa kwa miaka. Babu yake anasema ardhi ile ilikuwa malisho yao kabla mkimbizi wa kwanza hajafika. Kwa hiyo sidai kwamba serikali ingegawa hati na mambo yakaisha. Kanuni inayozuia kuuza ndiyo pia iliyowezesha kila aliyefika baada ya 1994 kukuta kiwanja. Kama waliokuja mwaka 1960 wangeweza kuuza, huenda Wakongo wa leo wangefika na kukuta kila kipande kina mwenyewe na bei yake. Ninachodai ni kidogo zaidi. Katiba na kanuni zinapomzuia mtu kumiliki nyumba anayoitengeneza, tusije tukaandika baadaye kwamba hakupenda kuitengeneza.

Ushahidi upo kwenye nyumba zenyewe. Pita Misiera uangalie fedha zimewekwa wapi. Kuta nyingi ni za udongo, zimeliwa na mvua upande wa kusini, zimekandikwa upya mara nyingi kwa mikono. Lakini utaona mlango wa chuma uliochomelewa Mbarara, wenye maua na rangi ya bluu, umesimama katikati ya ukuta usiostahili mlango wa aina hiyo. Mgeni hucheka. Mlango ule una bawaba zinazofunguka kwa spana. Siku ya safari unang'olewa na kuuzwa. Tofali la kuchoma, likishashikwa na saruji, halina siku ya safari. Huku kwetu mtu huchagua vifaa vya ujenzi kwa kupima vitakavyoweza kuondoka naye, na huo ni uthamini wa nyumba baada ya ukarabati sawa na ule wa Ohio, ila umegeuzwa.

Mwaka huu ukuta wa nyuma wa nyumba yetu umeanza kuinama. Kikundi cha mama kimemaliza deni la mwisho na kinaweza kukopa tena, mara mbili ya kiasi cha kwanza. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubomoa ukuta wote wa nyuma na kuujenga kwa matofali ya kuchoma. Ya pili ni kuweka nguzo mpya, kuukandika upya, na kutumia fedha zilizobaki kununua mabati mapya 10 na mlango wa chuma. Faili letu la kuhamishiwa nchi nyingine limekaa kwa miaka bila jibu. Linaweza kuitwa mwezi ujao, linaweza lisiitwe kamwe. Mdogo wangu analala upande wa ukuta huo.

Mama alitaka nimsaidie kupiga hesabu, kwa kuwa nasoma chuo. Nilimwandikia gharama za njia zote mbili kwenye karatasi: matofali, saruji, mchanga, fundi, riba ya miezi 12. Kwa hesabu tupu, njia ya pili ni nafuu. Alisoma namba zote, akaniuliza tofali moja la kuchoma linauzwaje sasa Kabingo, kisha akamwita fundi aje apime ukuta Jumamosi.